Vijana wangu wanauliza safina ilihimilije mawimbi. Niwajibu nini?

SWALI

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Ninafundisha darasa la vijana kanisani huku Nyegezi, Mwanza. Wako 14, wa miaka 13 hadi 17. Riziki yangu ni kuunda mitumbwi ya mbao ya wavuvi, mingi ya mita 9. Tumefika habari za Nuhu, Mwanzo sura ya 6 hadi ya 9, na nimepewa Jumapili mbili kuzimaliza kabla hatujaingia kwa Ibrahimu.

Niliwaambia waandike maswali yao kwenye vikaratasi. Nanakili manne yaliyonishinda. "Maji ya kufunika milima yote yalitoka wapi, na baadaye yakaenda wapi?" "Samaki wa ziwa letu walifanyaje bahari ilipochanganyika na ziwa?" "Haya mawe ya Mwanza yaliyopandana, ni gharika iliyoyaweka?" Na la binti wa kidato cha tatu, ambaye baba yake ni mvuvi: "Mwalimu, wewe unaunda mitumbwi. Chombo cha mbao cha mikono 300 kinahimilije mawimbi miezi yote hiyo?" Hilo la mwisho jibu lake nalijua kwa mikono yangu, na ndilo linaloniogopesha.

Mzee wa kanisa anayesimamia Shule ya Jumapili anasema nijibu kwamba ni muujiza, kisha nipite. Mzazi mmoja amenitumia video za WhatsApp zinazoonyesha safina juu ya mlima huko Uturuki, anataka niwaonyeshe vijana kama ushahidi.

Naomba hesabu ambayo sitaumbuka nayo mbele ya watoto, namna ya kuifundisha, na neno la kumwambia mzee. Kuwadanganya watoto siwezi. Kuwavunjia imani pia siwezi.

Fundi na Mwalimu, Nyegezi

JIBU

Mwalimu, Bwana asifiwe.

Nilitangulize lililo zito. Gharika iliyofunika milima yote ya dunia, wakati wa binadamu, haikutokea. Ardhi, barafu, miti, ziwa letu na hata mbao zako vinashuhudia hivyo kila kimoja kwa njia yake, na ushahidi wao haupingani. Habari yenyewe iliandikwa na watu waliokuwa na jambo kubwa la kusema, nalo halikuwa kipimo cha maji. Hayo mawili vijana wa miaka 13 wanaweza kuyabeba pamoja. Wasichoweza kubeba ni kugundua wakiwa chuoni kwamba mwalimu wao alijua na akawaficha.

Tuanze na swali la binti, kwa sababu ndilo unalolijua kuliko mimi.

Kipimo cha safina ni mikono 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Tukichukua sentimita 45, tunapata mita 135 kwa 22.5 kwa 13.5. MV Mwanza, meli kubwa kuliko zote zilizopo ziwani kwetu, ina urefu wa karibu mita 93 na upana wa mita 17, nayo ni ya chuma.

Mtumbwi wako wa mita 9 ukikutana na wimbi kubwa, unapanda mzima na kushuka mzima. Chombo cha mita 135 hakipati nafasi hiyo. Wimbi likiwa chini ya katikati yake, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, vinaning'inia na mgongo unapinda kwenda juu. Wimbi likisogea, omo na tezi vinabebwa na mawimbi mawili, tumbo linabaki bila cha kuliegemeza, chombo kinabonyea. Hivyo usiku na mchana, mara elfu kwa elfu. Kila kinapopinda, ubao unasugua ubao mwenzake, misumari inajitengenezea tundu pana, kalafati iliyoziba maungio inalegea na kutoka, maji yanaingia. Lami ya ndani na nje, kama Mwanzo 6:14 inavyoagiza, inaziba ufa uliotulia. Ufa unaofunguka na kufunga haiuwezi, na wewe umeshaona hilo kwenye mtumbwi wenye mataruma, yaani mbavu, yaliyolegea.

Vijana watakwambia, "Basi aongeze unene wa mbao." Wape hesabu hii. Kuza mtumbwi wa mita 9 mara 15 kila upande: urefu, upana, kimo, na unene wa mbao. Unapata mita 135. Uzito umekua mara 15 x 15 x 15, yaani mara 3,375. Mkato wa mbao unaobeba uzito huo umekua mara 15 x 15 tu, yaani mara 225. Gawanya: kila sentimita ya mraba ya mbao sasa inabeba mara 15 ya ilivyokuwa ikibeba, na mti ni uleule. Galileo aliandika kanuni hii mwaka 1638, na mfano aliouanzia ulikuwa wa uwanja wa kuundia meli huko Venice, ambako mafundi walijua kwamba chombo kikubwa kinahitaji kuegemezwa zaidi kuliko kidogo ili kisivunjike kwa uzito wake chenyewe.

Kuna jaribio halisi la karibu na kipimo hicho. Mwaka 1909 huko Bath, jimbo la Maine, Marekani, ilishushwa majini Wyoming, meli ya mbao yenye milingoti sita na staha ya zaidi ya mita 100. Waliijenga mafundi waliorithi ujuzi wa karne nyingi, na mbavuni waliipitishia mikanda ya chuma ya mshazari ili isipinde. Ilipinda. Maji yalikuwa yakiingia kwenye maungio na pampu zikahitajika kuyatoa. Machi 1924 ilizama kwenye dhoruba na wote waliokuwamo wakafa. Safina ingekuwa ndefu kuliko hiyo, bila mikanda ya chuma, bila pampu, na watu wazima wanane wa kukumba maji.

Utetezi mmoja ni wa kweli, na uutaje kwa heshima: uwiano wa 300 kwa 50 ni mzuri dhidi ya kupinduka, hasa kwa chombo kisicho na matanga kinachoelea tu. Ila kutopinduka ni jambo moja na kutofumuka ni jingine.

Sasa maji. Kufikia kilele cha Everest, mita 8,849, kwa mvua ya siku 40, maji yapande mita 221 kwa siku, zaidi ya mita 9 kwa saa. Mwanza tunapata takriban mita moja ya mvua kwa mwaka, kwa hiyo kila saa ingeshusha mvua yetu ya miaka tisa. Maji ya ziada ambayo yangehitajika ni zaidi ya mara tatu ya maji ya bahari zote zilizopo. Mvuke wote ulioko angani, ukishuka wote kwa mara moja duniani kote, unatoa maji ya kina cha milimita 25 hivi. Yanafika kwenye kifundo cha kidole gumba. Barafu yote ya Antaktika na Greenland ikiyeyuka, bahari inapanda mita 65 hadi 70. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tusingelowa.

Kijana mwenye simu atakwambia wanasayansi wamegundua bahari iliyofichwa chini ya ardhi, na kwamba ndizo "chemchemi za vilindi" za Mwanzo 7:11. Habari hiyo ilienea mwaka 2014. Kilichopatikana ni chembe ya madini ndani ya almasi, madini ambayo hukaa kilomita mia kadhaa chini na yana asilimia 1 na kidogo ya maji yaliyofungwa ndani ya kioo chake. Si ziwa wala mto; huwezi kuyateka kama usivyoweza kukamua tofali. Na huko yaliko joto linazidi nyuzi 1,000. Yangetoka kwa wingi huo, yangempika Nuhu pamoja na wanyama wake.

Lakini usiishie Everest. Hizo ni namba za mbali na watoto huzisahau. Wapeleke ziwani. Mvua kubwa za kuanzia mwisho wa 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2, na zilichukua mpaka 1964 kufanya hivyo. Mei 2020 ziwa likafika tena kimo kile na kukipita kidogo, na kila mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, anakumbuka mialo na nyumba zilizoingia maji. Ndicho kipimo cha mafuriko makubwa ya kweli kwetu: mita mbili na ushei, kwa miaka. Simama nao ufukweni, chomeka mti wa mita 2 mchangani, waambie waitazame hiyo alama halafu wakitazame kilele cha kilima kilicho karibu. Baada ya hapo hutahitaji kueleza sana.

Ziwa hilo hilo linajibu swali la samaki, na jibu lake ni zuri kuliko vitabu vingi vinavyolisema. Watafiti walizamisha mirija kwenye tope la sakafu ya ziwa na kutoa nguzo ndefu za udongo. Juu ni tope laini la ziwa. Chini yake wakagonga udongo mkavu, mgumu, wenye alama za mizizi ya majani. Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, takriban miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Tope lililo juu ya udongo ule lilitua polepole katika maji baridi, yasiyo na chumvi. Tabaka la bahari halimo. Gharika ya miaka 4,300 iliyopita, kama wanavyoihesabu kutoka vizazi vya Biblia, ingeandika jina lake pale pale, kwa sababu hakuna mahali panapotunza kumbukumbu za maji kama sakafu ya ziwa tulivu.

Na wamo furu. Watoto wanawaona mwaloni kama vijisamaki vya bei ndogo. Ziwa letu limekuwa na takriban aina 500 za furu, na karibu zote hazipatikani ziwa jingine lolote duniani. Bahari ina gramu 35 za chumvi kwa lita. Ziwa letu halifiki hata gramu 1. Ukimwaga juu ya bahari maji baridi ya kufunika Everest, chumvi inashuka hadi gramu 8 hivi, na hapo matumbawe ya Bahari ya Hindi yanakufa yote. Ukiiacha chumvi ilivyo, furu ndio wanaokufa. Na hata tukisema furu wachache walipona kwa namna fulani, waulize vijana: aina 500 zilizotawanywa na maji ya dunia nzima zilijuaje kurudi zote kwenye beseni moja, bila hata moja kupotelea Ziwa Tanganyika?

Furu wanavunja pia utetezi unaotumika sana leo, kwamba Nuhu hakubeba kila spishi bali "aina" kubwa tu, karibu 1,400, jumla wanyama kama 7,000. Hesabu hiyo inapunguza msongamano kweli. Lakini leo kuna zaidi ya spishi 30,000 za mamalia, ndege, reptilia na amfibia. Zingetakiwa kuchipuka kutoka hizo 1,400 ndani ya miaka 4,300. Furu wetu, spishi 500 kwa miaka 15,000, wanahesabiwa miongoni mwa viumbe waliogawanyika kwa kasi kubwa kuliko wote wanaojulikana. Anayekataa kwamba viumbe hubadilika anajikuta akidai mabadiliko ya kasi kuliko ya furu, na kwa tembo!

Kuhusu tembo, kijana akiuliza chakula, una hii: tembo mzima anakula kama kilo 150 kwa siku. Safina ilikaa mwaka mmoja na siku kumi, tuseme siku 370. Tembo wawili ni tani 111, sawa na fuso 16 za tani 7, za tembo pekee. Wakichukuliwa watoto wa tembo kiasi kinapungua, hilo ni haki kulisema. Na wanyama 7,000 kwa watu 8, wakifanya kazi saa 12 bila kukaa, ni sekunde 49 kwa kila mnyama: kumlisha, kumnywesha na kutoa samadi yake.

Mawe ya Mwanza usiyapite haraka, kwa sababu wanayaona kila siku na wamekwishaambiwa habari zake za uongo. Ni matale, mawe yaliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wachukue mpaka kwenye jiwe lolote lililokalia jiwe jingine na uwaonyeshe vitu viwili. Jiwe la juu na la chini ni la aina moja, chembe kwa chembe. Lililoletwa na maji kutoka mbali lingetofautiana. Na mstari unaoyatenganisha mara nyingi unaendelea moja kwa moja kwenye mawe jirani, kama ufa mmoja wa ukuta. Mwamba ulipasuka kwa mistari ukiwa bado umefunikwa na udongo. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakaozesha pembe kwanza kwa sababu pembe hushambuliwa pande zaidi ya moja, jiwe likaachwa duara. Kisha udongo ukamomonyoka, mawe yakabaki yamekaa yalipozaliwa. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, halikuletwa na mtu wala maji. Kilichosafiri ni udongo uliolizunguka.

Mengine yataje kwa ufupi. Barafu ya Greenland ina matabaka ya mwaka kwa mwaka, zaidi ya miaka 100,000, bila tabaka la maji ya chumvi. Miti ya Ulaya imeunganishwa pete kwa pete kwa zaidi ya miaka 12,000 bila mkatiko. Askofu James Ussher, katika karne ya 17, alikokotoa kutoka vizazi vya Biblia kwamba gharika ilikuwa mwaka 2348 KK. Piramidi kuu ya Giza ilikuwa imesimama zaidi ya miaka 150 kabla ya hapo, na Wamisri wakaendelea kuandika, kuzika na kutoza kodi bila kutambua kwamba wamezama.

Video za Uturuki usizionyeshe kama ushahidi. Nyingi ni za eneo la Durupınar, umbo kama mashua lililoonekana kwenye picha za ndege mwaka 1959. Wanajiolojia waliolipima wamekuta ni mwamba na udongo wa asili. Tena Mwanzo 8:4 inasema "milima ya Ararati," kwa wingi, maana yake nchi ya milima, si kilele kimoja. Mzazi mjibu kwa upole, faraghani, na usilitaje jina lake darasani.

Sasa, Biblia inasema nini? Hapa ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi.

Mwaka 1872 George Smith, aliyekuwa akifanya kazi British Museum huko London, alisoma kibao cha udongo kutoka Ninawi. Ndani yake mtu aitwaye Utnapishtimu anaonywa na mungu, anaunda chombo, anakiziba kwa lami, anaingiza wanyama, dhoruba inapiga siku sita na usiku saba, chombo kinatua mlimani, anatuma njiwa, mbayuwayu na kunguru, kisha anatoa sadaka na miungu wanainusa harufu. Matoleo mengine ya habari hiyo yana umri wa miaka 3,600 na zaidi, yametangulia kuandikwa kwa Mwanzo. Inatoka nchi ya mito ya Frati na Hidekeli, tambarare kama meza, ambako mafuriko ya kweli yalifuta miji. Huko Shuruppak, mji ambao habari hizo zinautaja kuwa wa shujaa wake, kuna tabaka la tope la mafuriko la mwaka 2900 KK hivi. Huko Ur, Leonard Woolley alikuta mwaka 1929 udongo wa mafuriko wa karibu mita 3, ila ni wa zama nyingine, na Tell al-Ubaid iliyo kilomita chache tu haina tabaka hilo. Mafuriko yalikuwepo, mengi, ya mto. Kumbukumbu yake ikasafiri na watu.

Weka habari hizo mbili ubaoni, upande kwa upande, uwaulize vijana: mwandishi wa Mwanzo amebadilisha nini? Waache wahangaike kwanza. Katika toleo la kale la Babeli, miungu wanaleta maji kwa sababu binadamu wamekuwa wengi na kelele zao zinamnyima mungu mkuu usingizi. Katika Mwanzo 6:11, sababu ni kwamba "dunia ikajaa dhuluma." Kule miungu wana njaa na wanakusanyika kwenye sadaka kama nzi, hapa Mungu ni mmoja na anaapa kutorudia. Mwandishi aliichukua habari ambayo kila mtu wa zama zake aliijua, akaigeuza ndani. Alisema Mungu haudhiki na makelele ya watoto. Anaudhika na damu na unyang'anyi. Hilo ndilo neno lake, na wala halihitaji Everest kufunikwa.

Wakikuuliza kwa nini sura ya 6 inasema wanyama wawili wawili na 7:2 inasema saba saba kwa walio safi, au siku 40 za 7:17 na siku 150 za 7:24, waambie wazi kwamba hapo kuna simulizi mbili zilizosukwa pamoja. Wasomaji waliliona hilo tangu karne ya 18. Wengine watauliza kama gharika haikuwa ya nchi moja tu, kwa kuwa neno la Kiebrania lina maana ya nchi na ya dunia pia. Usomaji huo unapunguza tatizo la maji, lakini 7:19 inataja milima yote chini ya mbingu zote, na kwa mafuriko ya nchi moja Nuhu angehama tu na mifugo yake. Jirani zetu Waislamu wana Nabii Nuhu pia: Kurani inasema alitumwa kwa watu wake, na jahazi likatua mlima Judi, na wapo wanazuoni wao wanaosema gharika ilikuwa ya kaumu hiyo tu. Kijana mwenye rafiki Mwislamu ajue hivyo, asibishane naye bure.

Mpangilio wa Jumapili zako. Ya kwanza iwe uwanjani. Uwe na kamba ya mita 25 yenye alama kila mita, vigingi vinne na futi kamba. Kila kijana apime mkono wake, aandike, azidishe kwa 300. Wa sentimita 38 atapata mita 114, wa sentimita 48 atapata 144. Hapo wanajifunza kwamba kipimo cha kale kina upana wake. Kisha pimeni 135 kwa 22.5 na kupiga vigingi. Kiwanja cha mpira hakitatosha, kwa hiyo omba kibali cha eneo mapema. Chukua ufito wa mita 3, uushike katikati, waone ncha zinavyolegea. Kisha kipande cha nusu mita cha ufito huo huo. Halafu hesabu ya mara 15. Siku sita kabla yake, pandeni miche miwili ya mchicha kwenye makopo: mmoja maji ya ziwa, mwingine maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, na wauone siku hiyo. Usiweke samaki kwenye maji ya chumvi. Hatuwafundishi ukatili ili kuthibitisha kitu tunachokijua.

Ya pili iwe ya ubao na Biblia. Kosa linaloharibu somo hili ni kuacha wiki ya kwanza iishe bila kutaja ya pili. Vijana wanaondoka wakisema "Biblia uongo," wanamwambia bibi nyumbani, na Jumatatu unaitwa ofisini. Dakika kumi za mwisho za Jumapili ya kwanza waambie: tumepima maji, wiki ijayo tunapima maneno, na hakuna ruhusa ya kumcheka anayeamini tofauti.

Mzee wa kanisa mfuate kabla, si baada, na uende na karatasi ya maswali ya watoto wenyewe. Usimwambie amekosea. Mwambie kwamba akisema muujiza, ni haki yake ya imani na hutabishana naye. Shida ni kwamba muujiza mmoja hautoshi. Unahitajika wa maji kuja, wa maji kuondoka, wa mbao kutofumuka, wa furu kurudi, halafu wa kufuta alama zote kwenye barafu, miti na tope la ziwa, na huo wa mwisho ungemfanya Mungu awe anaficha ushahidi. Mwanzo inasema Mungu aliyaleta maji na kuyapunguza; miujiza hiyo mingine haiitaji kabisa. Mwambie pia kwamba baadhi ya waliotangulia kuacha wazo la gharika ya dunia nzima baada ya kuchunguza mawe hawakuwa maadui wa kanisa. Adam Sedgwick, profesa wa jiolojia wa Cambridge, alikuwa kasisi. Mwaka 1831 alisimama mbele ya wanajiolojia wenzake huko London na kutamka hadharani kwamba anaifuta kauli yake ya awali. William Buckland wa Oxford, kasisi pia, aliandika kitabu kizima kutetea ushahidi wa gharika mwaka 1823, na mwaka 1836 akaiacha hoja hiyo. Walibaki makasisi.

Akikukatalia kabisa, usifundishe kwa kificho. Omba ruhusa ya Jumapili ya pili peke yake, ile ya dhuluma, na maswali ya maji uyajibu mmoja mmoja kwa kijana anayekufuata.

Binti wa kidato cha tatu usimsubirishe mpaka Jumapili. Mwite kwenye kazi yako siku unayopiga kalafati, umwonyeshe ufa unaofunguka ukikanyaga ubao, na umjibu hapo hapo. Siku ya uwanjani yeye ndiye ashike ncha ya kwanza ya kamba. Nunua ya nailoni. Ya katani ikipata mvua inafupika na mikono 300 haitatimia.